Pengo Katika Safu



Ndugu zangu katika imani, likizo ndefu iliyopita sikwenda nyumbani. Mjomba wangu ananunua samaki wakavu Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, akaniomba nikamsaidie hesabu kwa wiki saba. Nilipanda TAZARA mpaka Kasama, kisha basi mpaka Mansa, kisha gari dogo lililopanda kaskazini kupitia Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe hadi ukingoni mwa ziwa. Lakini siandiki haya kwa ajili ya safari. Kuna jambo nililifanya huko kwa mwezi mzima, na hadi leo sijui lihesabiwe vipi. Nataka tulijadili kama tunavyojadili mengine tukibaki msikitini baada ya darsa.

Niliacha pengo katika safu, kwa makusudi, kwa sababu ya mguu wa mtu.

Msikiti wenyewe ni chumba kimoja cha matofali chenye paa la bati, si mbali na soko la Kashikishi. Waislamu pale ni wachache. Wapo wafanyabiashara wa Kitanzania na wa Kikongo wanaofuata chisense, samaki wadogo mithili ya dagaa wetu. Wapo wenyeji waliosilimu, na mara mojamoja hupita ndugu wa tabligh. Ijumaa ikiwa nzuri, safu tatu zinajaa. Kiswahili kinasikika kila siku kwa sababu ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mji ulio upande ule unaitwa Kilwa, jina lililonifanya nimtake nahodha alirudie mara mbili. Wala lugha yetu na dini yetu si wageni wa jana huko. Livingstone alipofika ziwani Novemba 1867 alimkuta kwa Mwata Kazembe mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka.

Katika watu wa msikiti ule alikuwapo mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Bashikulu. Kwa Kibemba shikulu ni babu, na hiyo "ba" ya mwanzo, ambayo kwa kawaida ni ya wingi, huwekwa kwa heshima. Maisha yake yote alikuwa mvuvi. Kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaane, na miezi hiyo yeye, kama wengi, huingia shambani kulima mihogo. Huingia pekupeku. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, mgumu kama gogo, na juu yake vinundu na matundu madogo yaliyokuwa yakitoa majimaji ya usaha. Alichechemea, ila si kwa maumivu. Alichechemea kwa uzito.

Bashikulu alisali mwisho kabisa wa safu ya nyuma, kushoto, karibu na mlango. Kati yake na mtu aliyefuata palikuwa na nafasi ya watu wawili. Siku yangu ya kwanza nilichelewa, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ile. Niliutazama mguu, nikarudi nyuma hatua moja, nikaanza safu yangu peke yangu. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Taaluma za Kiislamu, ninayeijua khilafu ya wanachuoni juu ya swala ya anayesimama peke yake nyuma ya safu, nikaona afadhali khilafu kuliko mguu wa mzee.

Hakuna aliyenilaumu. Baadaye nikajua kwamba pengo lile lilikuwa na umri wa miaka. Palikuwa hata na kopo la wudhu la peke yake, lililotundikwa mbali na mengine. Nikalizoea, kama mtu anavyouzoea ufa ukutani.

Wiki ya tano mtoto wa mjomba alitoka mapunye kichwani. Mke wa mjomba alikuwa sokoni, basi nikampeleka mimi zahanati. Afisa tabibu aliyetupokea, kijana aliyezidi umri wangu kidogo tu, alimtazama mtoto, akaniuliza kama watoto wanavaliana kofia. Nikamwambia madrasa wanavaliana. Akaniuliza kama na watu wazima wanavaliana. Nikakumbuka kofia tatu zinazotundikwa msumarini pale msikitini kwa ajili ya anayekuja bila kofia. Moja nilikuwa nimeivaa mwenyewe mara nyingi. Akanieleza kwamba mapunye na choa ni fangasi wanaohama kutoka mtu hadi mtu, kwa kofia, kwa kitana, kwa taulo, na kwamba fangasi wa vidole vya miguu huenezwa kwa sakafu zenye maji na kandambili za wote. Kandambili za wote! Pale kwenye birika tuna jozi nne, na jamaa nzima huzitumia kwa zamu mara tano kwa siku.

Ndipo nilipomuuliza kuhusu mguu wa Bashikulu. Hakuwahi kumwona, lakini aliponisikiliza alisema kwa sifa hizo anadhani ni ule unaoitwa maisetoma, au mguu wa Madura, kwa jina la mji wa Madurai kusini mwa India, ambako madaktari wa Kiingereza waliuandika katika miaka ya 1840. Akaniuliza: yanatoka punje? Sikujua. Nilikuwa sijapata kukaa karibu kiasi hicho.

Maelezo yake nayaleta kwa ufupi. Kuna kuvu wanaoishi kwenye udongo na kwenye miiba. Hawana haja na binadamu, wanakula majani yaliyooza na mbao zilizokufa. Mtu anapochomwa na mwiba, kuvu anaingizwa chini ya ngozi, mahali ambapo hakupanga kufika, na huko anaishi taratibu sana, miezi na miaka. Kwanza ni kinundu kisichouma, na kwa kuwa hakiumi mtu hendi hospitali. Kisha uvimbe, kisha matundu, kisha punje ndogo zinazotoka na usaha, nazo kwa aina moja ya kuvu ni nyeusi kama baruti. Mwisho mfupa wenyewe unaliwa. Ugonjwa uleule kwa sura unaweza pia kuletwa na bakteria badala ya kuvu, na dawa zake ni nyingine kabisa, kwa hiyo lazima kipande cha nyama kikatwe kipimwe kabla ya kuanza tiba. Unaonekana zaidi katika ukanda unaoanzia nyuzi 15 kusini mwa ikweta hadi nyuzi 30 kaskazini, na Nchelenge, iliyo kwenye nyuzi 9 na kidogo kusini, imo ndani.

"Na unaambukiza?" nikamuuliza.

"Mtu kwa mtu? Hapana. Ukitaka kuupata ugonjwa wa mzee huyo, usimsogelee yeye. Nenda shambani kwake bila viatu."

Hili ndilo linalonisumbua. Kwa mwezi mzima tulikuwa tumebadilishana kofia na kandambili, vitu vinavyoambukiza kweli, kwa bashasha ya udugu. Na tulikuwa tumemtenga mtu mmoja tu ndani ya msikiti ambaye ugonjwa wake usingeweza kumpata yeyote katika sisi.

Niliporudi chuoni nilimsimulia mwenzangu tunayekaa naye bwenini. Ni mtu wa hoja, na alinitetea kuliko nilivyotaka kutetewa. Alisema: hukujua. Asiyejua hana dhambi. Ukaona ngozi mbovu ukachukua tahadhari, na dini yenyewe imefundisha tahadhari. Akanikumbusha hadithi iliyo katika Sahihi Bukhari inayoamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba, na amri ya kutochanganya ngamia wagonjwa na wazima. Akaongeza kanuni ya kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Halafu, kama mtu anayeweka karata ya mwisho, akanitajia katazo la kuingia msikitini kwa aliyekula kitunguu saumu. Hapo alikuwa amesoma vizuri, kwa sababu Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim anataja kuwa wapo wanachuoni walioliunganisha na katazo hilo jeraha lenye harufu mbaya.

Hoja hizi si nyepesi, na sitaki kuzipiga teke. Lakini zinadhania kwamba kutokujua ni hali moja tu, kama giza la usiku usio na mwezi, ambalo mtu analikuta na hawezi kulifanya lolote. Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 684 Hijria, katika kitabu chake cha al-Furuq alikata ujinga vipande viwili. Kuna ujinga ambao ni taabu kujikinga nao, na huo umesamehewa. Na kuna ujinga ambao si taabu kujikinga nao, na huo hausamehewi. Sasa mimi nijipime. Kutoka msikiti ule hadi zahanati ni mwendo wa dakika ishirini. Nilipita mlangoni mwa zahanati hiyo kila nilipokwenda kupima chisense. Siku ya kwanza nilikuwa mjinga wa aina ya kwanza, na nadhani Allah (s.w.) atanisamehe lile rudi nyuma la ghafla, kwa sababu mwili huogopa kabla ya akili kufika. Siku ya pili je? Ijumaa ya pili? Wiki ya tatu? Kuna siku moja katika mwezi ule ambayo ujinga wangu ulihama kutoka aina moja hadi nyingine. Siijui ni siku gani, lakini ipo, na mwanadamu atakayehesabiwa kuanzia siku hiyo ni mimi.

Tunayo hadithi, aliyoipokea Abu Daud, kuhusu mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini na wenzake. Akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia maadamu maji yapo hana ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa ukali mkubwa. Alisema wamemwua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani tiba ya asiyejua ni kuuliza. Wanahadithi wamezijadili njia zake, hasa ile nyongeza ya kupaka juu ya bandeji, lakini maana hii ya kulaumiwa kwa kutouliza ina mapokezi mengine yanayoitia nguvu. Hadithi hii tuliisoma mwaka wa kwanza katika mlango wa twahara, na tukaifanyia mtihani. Tuliulizwa hukumu ya tayamamu. Hakuna aliyetuuliza juu ya wale wenzake. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa na tahadhari ya dini, waliogopa kumruhusu jambo wasilo na uhakika nalo, wakaona salama ni kukaza. Na walikuwa na jeraha la mtu mwingine mbele yao.

Tahadhari ya bure haipo. Daima kuna anayeilipia, na mara nyingi si yule anayeichukua. Mwenzangu alisema kuondoa madhara kwanza. Sawa, tuyapime. Madhara ya kuambukizwa yalikuwa dhana isiyo na dalili hata moja. Madhara ya pengo yalikuwa yakini, yanaonekana kwa macho, yanarudiwa mara tano kila siku. Kanuni nyingine tunayoihifadhi sote inasema yakini haiondolewi na shaka. Sijui kwa nini kanuni hii tunaikumbuka haraka tunapotilia shaka wudhu wetu, na inatutoka tunapomtilia shaka mwenzetu.

Ama hadithi za maambukizi, wenye kuzisoma wanajua kwamba ziko pande mbili. Kuna hiyo ya simba, na kuna ile inayokanusha maambukizi, na Ibn al-Salah na waliomfuata wakazipatanisha: ugonjwa hauhami kwa nguvu yake wenyewe, bali Allah hujaalia mchanganyiko kuwa sababu, na sababu inaweza kukosa kufanya kazi. Mimi nimeshikwa na kipande kimoja tu. Bedui alileta hoja ya ngamia wake wazuri wanaotembea mchangani kama paa, kisha anaingia ngamia mmoja mwenye upele anawaambukiza wote. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwa swali: na yule wa kwanza, nani alimwambukiza? Nilizoea kulisoma swali hili kama jibu la kiitikadi, la kumrudisha bedui kwa Muumba wa sababu, na ndivyo lilivyo. Lakini Nchelenge nilianza kuona kwamba pia ni swali ambalo sisi hatukuliuliza. Kwa miaka yote ile hakuna aliyejiuliza Bashikulu aliupata wapi. Tuliishughulikia njia ya kutoka kwake kuja kwetu, ambayo haikuwepo. Njia ya kufika kwake, iliyopitia mwiba na shamba na unyayo usio na kiatu, haikumshughulisha mtu.

Na panapoulizwa swali hilo mambo hubadilika. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kati ya 1941 na 1944, karibu vibarua 3,000 walitoka vidonda vya ngozi vinavyopanda mkono au mguu kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Mtu wa haraka angesema wanaambukizana, kwa sababu walilala pamoja kwa msongamano na kufanya kazi pamoja. Wachunguzi wakatafuta cha kwanza kilikuwa nini, na wakakikuta si mtu. Walikuta kuvu aliyeota kwenye magogo yaliyoegemeza paa za mashimo, kule chini kwenye joto na unyevu. Wachimbaji walijikwaruza kwenye mbao hizo. Magogo yakatiwa dawa ya kuua kuvu, wagonjwa wakatibiwa kwa potasiamu ayodaidi, na ugonjwa ukaisha. Hakuna mchimbaji aliyekuwa hatari kwa mwenzake. Mti ndio uliokuwa hatari, na waliouweka ni wenye machimbo.

Mwenzangu aliniuliza swali la haki: je, kama ungekuwa unaambukiza? Asingestahili kutengwa? Naona hapa ndipo Sayyidna Umar (r.a.) anapotufundisha zaidi kuliko tunavyomtumia. Wengi wanaijua ile riwaya ya al-Muwatta, alipomkuta mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba akamshauri akae nyumbani kwake asiwaudhi watu, naye akatii hata baada ya Umar kufa. Wachache wanamkumbuka Mu'ayqib, sahaba aliyekuwa na ugonjwa huohuo. Umar alimweka kwenye Baytul-Mal na alikula naye chakula. Ibn Sa'd anasimulia kwamba alikuwa akimtafutia tiba kwa kila aliyesikia ana ujuzi, hadi wakaja watu wawili kutoka Yemen wakamsugua nyayo kwa tunda chungu la handhali, na ugonjwa ukasimama pale ulipofikia. Ukizisoma habari hizi mbili pamoja, hata pale penye hofu ya kweli, mgonjwa hakuachwa na kopo lake msumarini. Kama ulikuwapo umbali, ulikuwepo pia mtu anayetafuta dawa. Sisi tulichukua umbali, tukaacha dawa. Na kitunguu saumu nacho, aliyekila anaweza kukaa nyumbani alasiri moja akarudi magharibi. Mtu wa mguu ule angerudi lini? Hukumu iliyowekwa kwa saa chache haiwezi kuhamishwa kwa miaka bila mtu kuuliza kama bado ni hukumu ileile.

Narudi Nchelenge, kwa sababu jambo gumu zaidi sijalisema.

Siku niliyotoka zahanati, baada ya alasiri, nilikwenda kukaa kwa Bashikulu barazani kwake. Niliogopa kidogo bado, nikiri. Mwili haujui ulichoambiwa. Kiswahili chake ni cha Kongo, kwa kuwa miaka ya ujana aliivua upande wa Kilwa. Nilipovuta kigoda karibu akanyoosha mkono kunizuia.

"Mutoto yangu, usikaribie sana. Nisikupatie ugonjwa."

Nikamweleza niliyoyasikia. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia afisa tabibu anataka kumwona, ila la kuambukiza mtu kwa mtu halipo. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba binti yake ana mtoto wa miaka minne anayeishi nyumba ileile, na kwamba yeye hajapata kumbeba hata siku moja tangu azaliwe.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba radhi kwa kumkimbia. Kumbe alikuwa anaamini kwamba tuko sahihi. Pengo lile la watu wawili hakuliona kuwa ni dhuluma, alilisoma kama fatwa. Watu wa msikiti, wenye elimu, wanaosoma Kiarabu, wanasogea mbali, basi lazima wanajua kitu. Akaichukua hukumu yetu nyumbani kwake akaitekeleza kwa mjukuu. Nilimwomba radhi hata hivyo. Alisema hakuna neno, na nadhani hakuelewa ninaomba radhi ya nini. Mtu anayekusamehe bila kujua ulichomfanya amekusamehe? Hili nimemwuliza mwalimu wangu mmoja wa fiqhi, akasema haki ya mja haidondoki mpaka aijue ndipo aisamehe, au angalau iko khilafu. Basi itabidi nirudi kumweleza vizuri zaidi.

Tulikwenda naye zahanati kesho yake kwa baiskeli ya mjomba. Punje zilikuwepo. Nyeusi.

Tiba yake si ya kidonge kimoja. Dawa ya kuvu, itrakonazoli, humezwa kwa miezi mingi, aghalabu mwaka au zaidi, pamoja na upasuaji, na wako wanaoishia kukatwa mguu kwa kuchelewa. Bei yake kwa mvuvi ni mzaha. Hapa dunia nzima imesimama kwenye ile nafasi ya watu wawili. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016 tu, zaidi ya miaka mia na sabini tangu uandikwe Madurai. Mahali palipouliza kwa dhati palikuwa Khartoum, ambako Profesa Ahmed Hassan Fahal na wenzake walianzisha mwaka 1991 kituo cha utafiti wa maisetoma. Hapo wagonjwa walipokewa, na hapo ndipo lilipofanyika jaribio la dawa mpya ya kumezwa mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Kisha vita vilivyoanza Aprili 2023 vikakifikia kituo hicho, kikaharibiwa pamoja na hazina yake ya sampuli zilizokusanywa kwa miongo. Tunapozungumza kuhusu faradhi ya kutosheleza huwa tunatoa mfano wa kuosha maiti. Mimi sasa nafikiria kituo kile. Watu wachache walikuwa wakiuliza kwa niaba yetu sote, nasi hatukujua hata kwamba tumepunguziwa mzigo, wala kwamba mzigo huo sasa umeturudia.

Ijumaa yangu ya mwisho ustadh alinipa dakika tano baada ya swala nieleze. Nilieleza vibaya. Nilianza na al-Qarafi, watu wakaanza kutazama saa zao, maana boti zilikuwa zinasubiri. Nilipofika kwenye kofia za msumarini, hapo walisikia, na mmoja akasimama palepale akaziondoa. Kuhusu mguu waliitikia kwa kichwa. Katika swala nilisimama kushoto, bega langu kwenye bega la Bashikulu, na vidole vyangu nilivikunja kidogo vilipogusana na vyake. Nimeahidi kusema kweli.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Majibu ya kipande cha nyama yamerudi kutoka hospitali kubwa, ni kuvu, si bakteria. Jamaa walichanga dawa ya miezi miwili, na wa tatu wanatafuta. Viatu vya plastiki vya shambani amenunuliwa, anasema vinamchoma kwa joto na huvivua akidhani haonekani. Nikamwuliza kuhusu safu. Akacheka kidogo, kisha akaniambia pengo bado lipo, ila siku hizi ni la mtu mmoja.